Mpaka unaobebeka mkononi: jani la isale lina wenzake katika hadithi za kale?

Mpima wa Vunjo

Wakuu, habari za Jumapili. Naomba kuelimishwa. Nitangulize kusema kwamba swali langu ni refu, kwa sababu ndani yake kuna kaka.

Mimi ni mpima ardhi, mwaka wa 23 huu. Natafuta mahali pa bikoni, yaani jiwe la alama ya mpaka, nachimba, nasimamisha nondo, namwaga zege, naandika namba, naondoka. Katika kazi yangu mpaka ni kitu kisichotikisika. Jiwe likisogea kiganja kimoja, limeshakuwa jiwe la kukalia.

Kwetu Marangu, kabla ya bikoni kulikuwa na masale. Kwa asiyeyajua, ni mmea wa majani marefu, mabichi mwaka mzima, unaopandwa kwa mstari kati ya kihamba (shamba la ukoo lenye nyumba) na kihamba. Moja huitwa isale. Unakata kijiti, unakichomeka, kinashika. Jua haliuui, panga haliumalizi, ukiung'oa na kuutupa unachipua hapohapo ulipoangukia. Babu zetu hawakuuchagua kwa ajili ya maua. Nimewahi kupima vihamba ambavyo havijawahi kuwa na karatasi yoyote, nikakuta mstari wa masale umenyooka kuliko kazi za baadhi ya wenzangu ambao sitawataja.

Sasa, jani la mmea huohuo ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, unachuma isale, unalipiga fundo, unampelekea. Hapaswi kukukatalia, na wazee wanasema anayelikataa anajitafutia laana mwenyewe. Na masale hayohayo ndiyo yanayozunguka makaburi ya wazee wa ukoo.

Mimi na kaka yangu mkubwa hatukusemezana miaka 9. Kosa ni langu, ingawa ilinichukua 8 kati ya hiyo kulikubali. Baba alipofariki tulikubaliana kihamba kipimwe tupate hati. Nikasema, tumlipe mtu wa nini wakati mpima ni mimi? Nikaja na mashine yangu ya miguu mitatu na vijana wawili. Mahali pamoja mstari wa masale ulipinda kuja kwangu, kwa sababu zamani palikuwa na mringaringa mkubwa na baba aliuzungushia mpaka badala ya kuukata. Mringaringa ulishakufa, hata kisiki hakipo. Mimi nikanyoosha. Vijana wakafyeka masale ya kwenye mpindo, bikoni ikasimama hatua mbili na nusu ndani ya upande wa kaka. Kwenye karatasi ilipendeza sana. Kaka akaja, akatazama, akasema maneno matatu ambayo ndiyo ya mwisho niliyoyasikia kwake kwa miaka yote hiyo: "Umemnyoosha baba wewe."

(Ni maneno matatu. Nimehesabu mara nyingi.)

Desemba iliyopita tulipanda kwetu kwa Krismasi kama Wachaga wote. Mama, ambaye ana miaka 84, akaniita jiko la nyuma. Hakunihubiria. Alikuwa na isale ameshalipiga fundo. Akaniwekea mkononi, akaniambia, "Mpelekee kaka yako. Na usifungue mdomo kabla yeye hajafungua wake."

Kutoka jiko la mama hadi kwa kaka ni hatua kama 60. Nilipofika kwenye mstari wa masale nikasimama kama mgeni aliyepotea njia. Mstari ule nimeuvuka tangu utotoni na ndoo, na majani ya mbuzi, na homa mgongoni mwa huyohuyo kaka. Siku ile nimeshika kipande cha mpaka mkononi, na ni mpaka huohuo ninaouomba unipishe.

Kaka alikuwa anachuna mbuzi. Akalitazama jani, akafuta kisu, akamwambia mwanawe alete kiti. Hakusema nimekusamehe. Kiti kililetwa.

Swali langu basi. Inakuwaje kitu kimoja kiseme "ishia hapa" kikiwa ardhini, na kiseme "nipokee" kikiwa mkononi? Na katika hadithi za kale, za kwetu na za wengine, kuna vitu vya namna hii? Kitu kidogo cha kubebeka, ambacho ndani yake kuna mpaka, au mlango, au kizingiti. Binti yangu anasema niende maktaba. Nimeona nianze na ninyi.

Fundi Bomba

Mkuu, majani ni mambo ya jadi tu, na ukichunguza sana utakuta ni ushirikina. Ramani iliyosainiwa ingemaliza kesi. Mbona hamkwenda baraza la kata?

Mpima wa Vunjo

Fundi, baraza tulikwenda mara mbili. Nilishinda mara zote mbili. Ndipo miaka 9 ikatimia.

Binti Ozi

Bwana Mpima, pole na hongera, vyote vinakustahiki.

Mimi ni mtu wa Kipini, pale Mto Tana unapoingia baharini. Ukifika kwetu hukosi wa kukuonyesha kaburi ambalo wazee wanasema ni la Fumo Liongo, shujaa na mshairi wa kale wa pwani. Kisa chake kila mtu wa upande wa Lamu anakijua, na Muhamadi Kijumwa alikitungia utenzi mwaka 1913. Watu wakikisimulia hukimbilia sindano ya shaba. Mimi ningekuomba utazame tupa na uta.

Liongo amefungwa. Ana pingu, mlangoni pana askari. Kila chakula kizuri anachopelekewa wanakila wao. Mamake anaoka mkate wa wishwa, makapi matupu, ndani ameficha tupa, anampa mjakazi Saada. Askari wanautazama, wanaucheka, wanamwambia huu mpe mwenyewe. Mkate ukapita mlango ambao mtu hakuupita. Nilipokuwa mdogo nikidhani ujanja uko kwenye tupa. Siku hizi nina duka la unga, naona ujanja wote ulikuwa kwenye wishwa. Askari hapekui anachokidharau.

Halafu uta. Hapo mwanawe wa kumzaa ameshamchoma ile sindano kitovuni akiwa usingizini. Liongo anaamka, anashika uta wake, anatoka hadi karibu na kisima, anapiga goti, anapachika mshale, anavuta. Anakufa vivyo hivyo, amelenga. Watu wakimwona kwa mbali hawajui kama yule ni maiti. Hakuna wa kwenda kuteka maji. Siku zinapita, mji una kiu, wazee wanamwendea mamake wamwombe amsihi mwanawe awaachie kisima. Mama anasihi, anabembeleza, mwana hajibu. Hadi mwili ulipoanguka ndipo mji ukajua kwamba siku zote hizo ulikuwa unamwogopa mtu asiyekuwapo.

Ukuta hakuna, jiwe hakuna, isale hakuna. Ni uta mkononi mwa mtu aliyekwisha kufa, na mji mzima umesimama nje ya mstari ambao hakuna aliyeuchora. Huo ungeupimaje, bwana?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Mpima, nilifundisha historia miaka 31, na bado sijaweza kuacha.

Warumi wa kale walikuwa na mungu wa kazi yako. Aliitwa Terminus, naye alikuwa jiwe la mpaka lenyewe. Kila tarehe 23 Februari majirani wawili walikutana kwenye jiwe lao, kila mmoja akalivika shada kwa upande wake, wakachinja mwanakondoo au mwananguruwe, damu wakalinyunyizia jiwe, nyama wakaila pamoja. Wakati wa kulisimamisha jiwe jipya walitia shimoni makaa, majivu na mifupa ya sadaka. Na walipotaka kumjengea Jupiter hekalu kubwa pale kilima cha Capitolium, miungu iliyokuwa na vihekalu hapo iliombwa ihame. Terminus akagoma. Ikabidi wajenge yeye akiwa ndani, na paani wakaacha tundu ili juu yake pasiwe na kitu ila anga.

Huyo ni wa upande wako, wa zege. Upande wa mama yako nenda kwa Wagiriki. Kwao mtu aliyekuja kuomba hifadhi au huruma alishika tawi la mzeituni lililozungushiwa nyuzi za sufu, akaliweka madhabahuni. Tawi likiwa pale, kumgusa ni kumchokoza Zeus mwenyewe. Naona tofauti yake na isale ni ile sufu tu. Mjumbe wao naye alikuwa na fimbo yake, ile anayochorwa nayo Hermes, na akiishika hapigwi hata kama ametoka kwa adui. Hermes huyohuyo, wengi hulihusisha jina lake na marundo ya mawe yaliyowekwa njiani na mipakani, na ndiye aliyesindikiza wafu. Yaani jiwe na msafiri ni jina moja. Nadhani hapo swali lako limeguswa zaidi kuliko mahali pengine ninapopajua.

Yupo pia Janus, mungu wa milango, mwenye nyuso mbili. Mshairi Ovid anamwonyesha ameshika fimbo mkono wa kulia na ufunguo wa kushoto. Ufunguo ni mlango wote umetiwa mfukoni. Naishia hapo, macho yangu na simu hayapatani.

Mpima wa Vunjo

Mwalimu, shikamoo. Hapo kwenye makaa umenigusa. Bosi wangu wa kwanza, mzee mmoja wa Upareni, hakusimamisha jiwe kabla hajatupia shimoni mkaa na vipande vya chupa. Nilidhani ni mambo yake ya kizee. Siku moja akanieleza: jiwe la juu mtu atalihamisha usiku, lakini anayehamisha jiwe usiku hakumbuki kuhamisha makaa, na mkaa hauozi. Ukija na mgogoro unachimba tu. Sidhani kama aliwahi kusikia habari za Warumi.

Binti Ozi, uta wako umeninyima usingizi. Nikijibu kwa lugha ya kazi: ni kipande cha duara, Liongo yuko katikati, na nusukipenyo ni mwendo wa mshale. Bikoni hakihitaji hata moja. Ila kwenye ramani sijui ningeandika mmiliki ni nani.

Mtu wa Kilifi

Niongeze la kwetu haraka, nina zamu ya usiku.

Sisi Wamijikenda tunasimulia kwamba tulitoka Singwaya, huko kaskazini. Katika kukimbia, mtu habebi nyumba wala shamba. Wazee walibeba fingo, kitu cha kinga cha jamii. Kaya, yaani makazi yetu ya zamani msituni, ilipoanzishwa, fingo likazikwa ndani ya msitu, na tangu hapo pale ndipo kwetu. Kuingia ni kwa vijia vyembamba na malango, mgeni haingii kiholela. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa katika Urithi wa Dunia, mabango yakasimamishwa. Lakini mpaka wenyewe ulifika zamani, umebebwa na watu wanaohema. Waswahili nao wanalo fingo lao, dawa ya kufukia mlangoni ilinde nyumba.

Usilichanganye na kigango. Kigango ni mti wa kuchonga wa kumkumbuka marehemu, na kikishasimamishwa hakihamishwi. Vimeibwa vingi, vikauzwa ng'ambo, vikawa mapambo ya sebuleni na ya makumbusho. Vichache vimerudi. Wanaonunua waliona ni kitu cha kubebeka kwa sababu kinaingia kwenye sanduku.

Mbukavu wa Paris

Bonjour wandugu. Munisamehe Kiswahili changu cha Kivu, nitajikaza.

Niko Paris tangu 2011, na siku za mvua ninapeleka watoto Louvre, ile makumbusho kubwa, kwa sababu mule ndani muna joto. Kuko jiwe jeusi refu kumpita mtu, la Hammurabi, mfalme wa Babeli. Watu wanalijua kwa zile sheria. Mimi ninaangalia juu kabisa: Shamash, mungu wa jua, ameketi, mfalme amesimama mbele yake, na Shamash anamnyooshea fimbo na kitu cha duara kama bangili. Wako wataalamu wanaosema ni fimbo ya kupimia na kamba ya kupimia iliyokunjwa. Mpima, hivyo si ni vyombo vyako! Mimi nilifikiri mungu akimpa mfalme kitu atampa upanga.

Ngoja, haijaisha. Katika wimbo wa Wasumeri, mungu mke Inanna anashuka kuzimu. Amejipamba vyote, taji, shanga, pete ya dhahabu, na mkononi ameshika fimbo ya kupimia na kamba ya kupimia, za jiwe la buluu lile linaitwa lapis lazuli. Kuko malango saba. Kila lango anavuliwa kitu kimoja. Anauliza, nini hii? Anajibiwa anyamaze, desturi ya kuzimu haiulizwi. Fimbo na kamba navyo vinachukuliwa. Anafika uchi mbele ya dada yake Ereshkigal. Nilipomsomea binti yangu mdogo, akasema labda walimnyang'anya ile kamba asije akajua kuzimu iko kubwa namna gani. Sikuwa na jibu zuri kuliko hilo.

Sasa mawe ya mpaka. Kuko yanayoitwa kudurru, ya wakati wa wafalme Wakassite waliotawala Babeli. Juu wamechora mwezi, jua, nyota, nge, nyoka. Chini wameandika shamba hili mfalme amempa fulani, linapakana na nani na nani. Zamani wataalamu walifikiri yalisimama shambani, leo wengi wanasema yalikaa hekaluni. Halafu zinakuja laana. Si za anayelihamisha peke yake. Alaaniwe anayelitupa majini, anayelichoma, anayelifukia, na yule anayemtuma mpumbavu au kipofu akamfanyie, ili yeye abaki kusema mikono yangu ni safi. Nilicheka mpaka mlinzi akaniangalia. Mwandishi wa yale maneno alikuwa amekutana na jirani zetu wa Bukavu!

Na mwisho wake? Karne ya 12 kabla ya Kristo mfalme wa Elamu, Shutruk-Nahhunte, akapiga Babeli, akabeba jiwe la Hammurabi mpaka Susa, katika Iran ya leo. Kudurru ya mfalme Meli-Shipak nayo ilikutwa hukohuko Susa. Wafaransa wakachimba Susa, jiwe la Hammurabi wakalipata mwaka 1901 na 1902, wakabeba tena. Basi mpaka wa shamba la Babeli umesimama karibu na mahali watoto wangu wanakunywa chokoleti. Laana zote zile hazikutaja mtu mwenye jeshi, wala mwenye meli.

Jambo la mwisho. Mwenzangu wa kazi ni mtu wa Bamenda, Kameruni. Nilimuonyesha picha ya masale, akasema hii ni nkeng. Kwao inapandwa mpakani, na mjumbe wa amani anaibeba mkononi. Kati ya Bamenda na Kilimanjaro kuko Kongo yote mzima. Nani alimfundisha nani?

Mwalimu Mstaafu

Ndugu wa Bukavu, huenda hakuna aliyemfundisha mwenzake. Mmea wenyewe unafundisha. Usiokufa, usiokauka, unaoshika popote unapochomekwa: mtu wa Bamenda na mtu wa Marangu wakiutazama kwa muda wa kutosha watafika mahali pamoja. Huko Papua New Guinea kuna mmea wa ukoo wa karibu na huo, wanauita tanget. Nao wanaupanda kwenye mipaka, na jani lake hupelekwa kama ujumbe, limepigwa mafundo ya kuhesabu siku za kukutana.

Mpima wa Vunjo

Mafundo! Mwalimu, hapo nimekaa chini.

Nakku

Mimi ni wa Kampala, Kiswahili nilikipata kwenye biashara Mombasa, mtanisahihisha.

Kwetu mpaka mkubwa kupita yote ulivukwa kwa sababu ya ulezi. Kintu, mtu wa kwanza katika hadithi yetu, na mkewe Nambi wanashuka duniani kutoka mbinguni kwa Ggulu, baba yake Nambi. Ggulu amewaonya: nendeni upesi, mkisahau kitu msirudi, maana Walumbe, kaka yake Nambi, akiwaona atawafuata. Njiani wanakumbuka wamesahau ulezi wa kuku. Mmoja anarudi. Wengine husema aliyerudi ni Nambi, wengine Kintu. Nyumbani kwetu baba alisema ni Nambi na mama alisema ni Kintu, na sisi watoto tulijua siku gani ya kuuliza na siku gani ya kunyamaza.

Basi Walumbe akafuata, na Walumbe ni kifo. Kwa konzi ya ulezi! Ggulu akamtuma kaka mwingine, Kayikuzi, amkamate amrudishe. Walumbe akazama ardhini. Pale Ttanda, upande wa Mityana, kuna mashimo ambayo watu wanasema ndiko alikopita, na mpaka leo wanakwenda.

Mpima, jani la mama yako na ulezi wa Nambi ni vitu vidogo vya mkononi, na vyote vimefungua njia. Mimi bado nawaza kuku yule. Hakuna anayesimulia kama alikula.

Fundi Bomba

Wakuu, nimerudi. Mke wangu ni Mrombo. Amesoma uzi huu kwenye simu yangu, akafika kwenye neno langu "ushirikina". Nimeambiwa nilifute. Moyoni nimelifuta, hapa sijui linafutwaje. Vilevile nimeulizwa ni lini nitapeleka isale kwa mama mkwe kwa lile jambo la Pasaka. Mpima, je, jani linaweza kununuliwa sokoni au ni lazima lichumwe?

Mpima wa Vunjo

Fundi, lichume. Na uombe ruhusa kwa mwenye mstari, usije ukaongeza kesi juu ya kesi.

Binti Ozi

Bwana Mpima, umetuacha njiani. Jani liko wapi sasa? Na ile bikoni?

Mpima wa Vunjo

Binti Ozi, jani shemeji alilichomeka kwenye boriti ya jikoni, juu ya moshi. Limekuwa kahawia, ila fundo halijalegea. Mama anasema haliondolewi, litaanguka lenyewe.

Bikoni ipo palepale. Siku ileile, baada ya kata ya pili ya mbege (pombe yetu ya ndizi), nilimwambia kaka kwamba naweza kuomba upimaji urudiwe kwa gharama yangu na kuing'oa. Akasema nisihangaike, anaifungia mbuzi.

Mwezi wa tatu nilipanda tena, mama hakuwa anajisikia vizuri. Nikaona kaka amechomeka vijiti vipya vya isale kufuata ule mpindo wa baba, vinauzunguka mringaringa ambao haupo. Alikuwa amechomeka saba, vitano vilikuwa vimeshashika. Kimoja kiko mguuni kabisa mwa bikoni yangu, karibu kiasi kwamba mizizi itakutana na zege. Mbuzi alikuwa amekila majani ya juu, lakini kilikuwa kinachipua upande.

Mashine nilikuwa nayo garini. Sikuishusha.